Kabla ya kununulia gari lako dawa ya chupa, pima oili kwanza

Kama unaendesha gari la mtumba kati ya Ruiru na Thika, hii "dawa" unaijua. Ni ile chupa ndogo inayokaa kwenye rafu ya duka la spea, na karatasi yake inaahidi mambo matatu: kumaliza moshi, kupunguza ulaji wa oili na kurudishia injini nguvu. Unaimwaga juu ya oili, unafunga kifuniko, unarudi barabarani. Bei yake haifiki popote karibu na ya kufungua injini, na fundi hakai na gari lako siku tatu. Ndiyo maana inanunuliwa.

Mimi nasema hivi: mara nyingi hiyo chupa haitibu injini, inatibu moshi. Na moshi ndio lugha ya injini ikitaka kukuambia inaumwa. Ukiunyamazisha bila kujua unatoka wapi, gharama haijaisha, imehama tu. Itakungoja mbele, ama itamngoja mwenye atanunua hilo gari kutoka kwako.

Ebu kwanza tuelewane oili huenda wapi. Inaweza kuvuja nje, kupitia gasketi au sili iliyokauka. Hii utaiona kwa doa chini ya gari ukiamka. Inaweza kupitia juu, kwenye sili za valvu. Gari likilala, oili inadondoka taratibu ndani ya silinda, na asubuhi ukiwasha linatoa wingu la bluu halafu linanyamaza. Ama inapitia chini, kwenye ringi za pistoni. Kazi ya ringi ya mwisho ni kukwangua oili isipande ikachomeke pamoja na petroli. Ikikwama kwa masizi au ikiisha, moshi wa bluu unatoka ukikanyaga mafuta, na nguvu inapungua ukipanda mlima. Kuna pia valvu ndogo ya kupumulia injini ambayo wengi husahau. Ikiziba, injini inasukuma oili mahali haifai kwenda, na kuibadilisha si kazi kubwa.

Hayo ni magonjwa manne, na chupa ni moja. Hapo ndipo shida inaanzia.

Ndani ya chupa nyingi za "kumaliza moshi" mna kitu cha kufanya oili iwe nzito. Oili nzito inapenya polepole kwenye nafasi iliyoachwa na ringi iliyoisha, kwa hivyo moshi unapungua. Lakini joto na msuguano wa injini hukatakata hizo kemikali za uzito, na baada ya muda unarudi palepale. Isitoshe, Toyota nyingi za kisasa zimeundwa kutumia oili nyepesi kama 0W-20 au 5W-30. Mfumo wa VVT-i unategemea oili ipite haraka kwenye vijia vyembamba. Ukiigeuza iwe kama uji, asubuhi ya baridi ya Julai inachelewa kufika juu, na dakika hizo za kwanza ndizo hula injini.

Tusiwe wabaya kwa kila chupa. Kuna zile za kulainisha mpira wa sili, na kama tatizo lako ni sili iliyokauka, zinaweza kukusaidia kwa muda. Kuna zile za kusafisha masizi, na kama ringi zimekwama tu bila kuisha, zinaweza kuzifungua. Lakini zote zinahitaji ujue ugonjwa kwanza. Ringi iliyolika haioti tena kwa kumwagiwa kitu. Chuma hakina mbegu.

Hii si hadithi ya mtaa wetu peke yake. Mwaka 1978 huko Marekani, kampuni ya STP, yenye jina kubwa kwenye dawa za oili, ilikubali kulipa dola 700,000 kumaliza mvutano na tume ya serikali inayosimamia biashara, kuhusu matangazo ya dawa yake ya oili. Kilichobishaniwa ni ahadi hii hii ya kupunguza ulaji wa oili. Karibu miaka 50 imepita na sisi bado tunasoma ahadi hiyo kwenye kaunta.

Sasa angalia watengenezaji wenyewe. Injini ya Toyota ya 2AZ, ambayo hapa utaipata kwenye Estima na Harrier kadhaa, ilipata sifa mbaya ya kula oili. Mwaka 2015 Toyota ya Marekani ilipoamua kuwashughulikia wenye magari yaliyoathirika, wakiwemo wa baadhi ya Camry na RAV4, haikuwapa dawa ya chupa. Kwanza gari lilipimwa. Likipatikana linakula zaidi ya takriban lita moja kwa kilomita 1,900, lilibadilishiwa pistoni na ringi. Kama ingekuwa chupa inatosha, kampuni yenye maabara na mainjinia hao wote ingeshindwa kuituma kwa posta?

Hapo kuna somo la bure: walipima kabla ya kutibu. Na wewe unaweza, hata bila mashine. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na hii hesabu haihitaji digrii. Asubuhi gari likiwa baridi na limesimama pahali tambarare, chomoa kijiti cha oili, kipanguse, kirudishe, kichomoe tena. Jaza mpaka alama ya juu. Andika kilomita kwenye simu. Endesha kama kawaida, ukiangalia kijiti kila siku mbili tatu, na kila ukiongeza andika umeongeza kiasi gani. Baada ya kilomita 1,000 utakuwa na jibu. Ikiwa ni robo lita, pumua, hiyo unaweza kuishi nayo ukiendelea kuangalia. Ikiwa inakaribia lita nzima, usiende duka la spea. Nenda kwa fundi umwambie apime kompresheni ya kila silinda. Kazi hiyo haimalizi asubuhi, na inaweza kukusaidia kujua kama shida ni ringi.

Anayeumia zaidi hapa ni kijana wa teksi za mtandaoni ambaye gari si lake. Tuseme anaenda kilomita 150 kwa siku, siku sita. Hizo ni kilomita 900 kwa wiki. Gari likila nusu lita kwa kila kilomita 1,000, ni karibu lita mbili kwa mwezi, na mara nyingi zinatoka mfukoni mwake. Akikosa kuongeza, injini inanoki, na lawama ni yake. Mwenye gari akimpa chupa badala ya fundi, amemwachia mtego. Kwa hivyo dereva, weka hizo rekodi. Siku ya mabishano, tarehe na kilomita zitakutetea kuliko maneno.

Halafu kuna jambo ambalo linaniudhi kabisa: kumwaga dawa wiki ya kuuza gari. Hapo chupa si matibabu tena, ni make-up ya injini. Mtu amekopa chama, amekopa sacco, analipa pesa zote, na baada ya mwezi moshi unarudi wote. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na ya kupewa habari anazohitaji kuhusu bidhaa hizo. Lakini haki hiyo haitakuendea kukagua gari. Kagua mwenyewe. Muuzaji awe Kamakis au Makongeni, mwambie asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa moto jiulize kwa nini. Chomoa kijiti, oili ikining'inia kama asali usiipuuze. Liwashe, liache lingurume dakika kumi, kisha kanyaga huku mwenzako akiangalia nyuma. Na fundi awe wako, si wa muuzaji.

Magari yetu yanaruhusiwa kuingia nchini yakiwa hayajapita miaka 8, halafu sisi tunayaendesha mingine mingi juu yake. Kuzeeka si aibu, na kula oili kidogo si kifo. Ila usipoziba ufa utajenga ukuta, na hiyo chupa mara nyingi ni rangi ya kupaka juu ya ufa. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, anza na kijiti.