Songea yamwaga lami, waenda kwa miguu wahesabiwe

SENSA ya mwaka 2012 iliikuta Manispaa ya Songea ikiwa na watu 203,309. Ile ya mwaka 2022 ikakuta zaidi ya 286,000. Hata hivyo, barabara za mji zinapojadiliwa, kinachotajwa kwanza ni magari, ilhali wakazi wengi wa Lizaboni, Bombambili na Mfaranyaki huenda sokoni kwa miguu.

Suala hilo lina uzito kwa kuwa Songea ni miongoni mwa miji 45 ya mradi wa TACTIC, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Lami ikishamwagwa na mitaro kujengewa zege, kivuko kilichowekwa mahali pasipofaa hakihamishiki kwa urahisi.

Je, nyendo za waenda kwa miguu zaweza kutabiriwa kabla ya ujenzi? Bill Hillier wa University College London alishikilia kuwa mpangilio wa mitaa wenyewe hueleza sehemu kubwa ya nyendo hizo. Mtaa uliounganika na mingine mingi, usiodai kona nyingi, huvuta wapitaji, na biashara huwafuata.

Katika uwanja wa Trafalgar, London, wataalamu wa mkondo huo walibaini kuwa watu waliambaa pembezoni wakiukwepa uwanja wenyewe. Zikajengwa ngazi za kati, na mwaka 2003 upande wa kaskazini ukafungwa kwa magari. Watu wakaanza kukatisha katikati.

Lakini ramani haijui matope ya masika wala giza la saa moja usiku. Stendi ya mabasi iliyojengwa Kata ya Tanga, mbali na katikati ya mji, ni mfano mwingine: inakokwenda stendi ndiko waendako mama lishe na bodaboda, wawe wametarajiwa na ramani au la.

Kwa hiyo utabiri sharti upimwe kwa hesabu, kazi isiyodai mitambo ghali. Vijana wachache wenye kalamu wanaweza kusimama kwenye makutano asubuhi na jioni, siku ya kazi na Jumapili. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora ramani za mitaa inayofurika. Njia za mkato zilizokanyagwa viwanjani nazo ni takwimu, tena za bure.

Malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, hupita Songea yakielekea bandari ya Mtwara. Kwa barabara kama hiyo, idadi ya wanafunzi wanaovuka saa moja asubuhi ilistahili kuwa mezani kabla alama za pundamilia hazijachorwa.