Hapo tu mbele si jibu

KANDO YA LAMI
Na Kirimi Mwenda

Mtu akikuambia mkutane Makutano, muulize kwanza ni Makutano gani. Kuna Makutano ya mjini Meru. Kuna Makutano ya huku chini kabla ya Mwea, pale njia ya Embu inapoachana na ile ya Sagana. Kuna nyingine Pokot Magharibi, jirani na Kapenguria, na huko ukifika kwa bahati mbaya tafuta gesti ulale. Wenyeji hawaoni utata wowote. Kila mmoja ana Makutano yake, moja tu duniani, na anashangaa mgeni anauliza nini.

Haya ya kuelekezana yamenijaa kichwani kwa sababu mpwa wangu, msichana anayesoma chuo mjini Embu, ameamua kunifundisha Kikorea bila mimi kuomba. Ni homa ya vijana wengi siku hizi. Huanza na tamthilia za Seoul usiku, zikaja nyimbo, mwishowe daftari. Nairobi kuna Taasisi ya King Sejong inayofundisha lugha hiyo darasani. Walio mbali kama yeye hujifunzia kwenye simu, bando likiwepo. Somo alilofikia ni la kumwelekeza mtu njia kwa adabu.

"Mjomba, niulize hospitali iko wapi."

"Si unajua iko wapi? Ulizaliwa pale."

"Mjomba, wewe uliza tu."

Nikauliza. Nikajibiwa jjuk gaseyo, niende moja kwa moja, kisha oreunjjogeuro gaseyo, nishike upande wa kulia. Hakuninyooshea kidole. Alifungua kiganja chote akakielekeza kabatini, maana amefundishwa kwamba mtu mzima haonyeshwi njia kwa kidole kimoja.

Nilichopenda zaidi ni ngazi za kile kitenzi. Shina lake ni ga, kwenda. Mtoto huambiwa gara. Rafiki wa rika lako huambiwa ga. Usiyemjua, na kila aliyekuzidi umri, huambiwa gaseyo. Kwenye matangazo rasmi utasikia gasipsio. Halafu kuna namna ya upole zaidi, gasimyeon dwaeyo, ambayo haiamuru kabisa: ukienda hivi, utakuwa sawa. Mkorea hawezi kufungua kinywa kumwelekeza mtu kabla hajaamua huyo mtu ni nani kwake. Ndiyo maana watu wa huko huulizana umri mapema sana.

Mpwa wangu aliona ajabu. Mimi niliona kama niko nyumbani. Mzee wa Meru akikutana na mzee asiyemjua, swali la rika haliko mbali, na kabla hajajua mwenzake ni wa rika gani mazungumzo hayakai vizuri kitini. Baraza la Njuri Ncheke halikuundwa na watu wasiojali nani ametangulia nani. Msikilize pia mama wa Runyenjes akimwelekeza mgeni. Hasemi "teremka, vuka, panda." Anasema "ukiteremka hivi, ukivuka kale kamto, ukipanda utaona kanisa." Amri imeyeyuka yote, imebaki safari. Wala hamwiti mgeni "wewe" kavukavu. Ni mzee, ni mama, ni shosho, ni guka, ni kijana wangu. Mkorea naye hukwepa neno "wewe" kwa mtu asiyemjua. Humwita ajeossi au halmeoni, baba wa makamo au bibi, hata kama hawana undugu wowote.

Kwa hiyo upande wa maneno matamu hatuna deni kwa Seoul. Deni letu liko kwenye umbali.

Umeuliza shule, umeambiwa "hapo tu mbele." Umetembea mpaka viatu vimebadilika rangi, umeuliza tena, umeambiwa "umefika, hapo tu." Wa tatu anakuonea huruma zaidi, anaongeza "hata usichoke." Katika miteremko ya Mlima Kenya jambo hili lina ubaya wake wa pekee, kwa sababu ardhi yenyewe inashirikiana na uongo huo. Nchi yetu ni migongo na mabonde yanayoshuka kutoka mlimani kwenda mashariki, Mbeere na Tharaka. Barabara nyingi hufuata mgongo, juu kwenye majani chai, katikati kwenye kahawa, chini kwenye mahindi na muguka. Nyumba unayoitafuta unaiona kwa macho yako ng'ambo ya bonde, na bati lake linametameta. Mwenyeji anakuambia "si ile pale?" Ni kweli, ni ile pale. Kilichobaki ni kushuka mpaka mtoni, kutafuta daraja la magogo, na kupanda ukuta wa udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha hata mbuzi wanafikiria mara mbili. Jicho lilishafika kitambo. Magoti yatafika jioni.

Anayekuambia "hapo tu" hana nia mbaya. Nimewasikia wazee wakiitetea desturi hiyo, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mtu anayetembea, wanasema, hatishwi. Ukimwambia zimebaki saa mbili, miguu itamfia njiani. Ukimwambia ni hapo tu, atafika bila kujua alivyofika. Zamani ilikuwa huruma ya kweli, kwa sababu njia ilikuwa moja na namna ya kuipita ilikuwa moja. Ungeambiwa ukweli ungeufanyia nini? Ungeendelea kutembea.

Leo mambo yamegeuka. Stejini kuna bodaboda, kuna matatu, kuna simu ya kumpigia mwenyeji aje akuchukue. Mama aliyembeba mtoto mwenye homa, akiulizia dispensari, anauliza ili aamue kama ataupanda mlima kwa miguu au atavunja ile noti ya mwisho. Ukimwambia "hapo tu" umemwamulia, na umemwamulia vibaya. Atakuwa nusu ya mlima ndipo agundue, na kwenye nusu ya mlima pikipiki hupita zikiwa zimejaa.

Hapo ndipo soko huria la maelekezo linapoingia. Muulize mwenye boda, "Kwa chifu ni mbali?" Atakuambia ni mbali sana, mzee, panda twende. Muulize mama anayeuza ndizi hatua mbili kutoka kwake, atasema ni hapo tu. Anayetaka nauli yako anairefusha njia, anayekupenda anaifupisha, nawe umebaki katikati ukigawanya kwa mbili.

Nilimuuliza mpwa wangu Wakorea wanataja vipi umbali. Akaniambia hutaja dakika: georeoseo o bun, dakika tano kwa miguu. Kisha nikakumbuka jambo nililosoma kuhusu anwani zao, ambalo kwangu linashinda vitenzi vyote vya heshima.

Kwa karibu miaka mia moja Korea Kusini ilitumia namba za viwanja. Zilitokana na upimaji wa ardhi uliofanywa na utawala wa kikoloni wa Japani kati ya 1910 na 1918. Kiwanja kilipokatwa kikazaa vingine, namba nazo zilizaliana bila mpangilio, hivi kwamba jirani wa namba hii hakuwa na namba inayofuata. Watu wa Seoul wakaishi kama sisi: geuka kwenye kanisa, pita benki, toka stesheni kwa mlango wa nne. Kuanzia tarehe 1 Januari 2014 serikali ikaachana na namba hizo na kushika anwani za barabara peke yake. Kila barabara ina mwanzo. Kutoka mwanzo huo inakatwa vipande vya mita 20, majengo ya kushoto yakipewa namba witiri na ya kulia namba shufwa. Ukipata namba ya jengo, izidishe kwa kumi, una mita kutoka mwanzo wa barabara. Jengo namba 150 liko takriban kilomita moja na nusu. Namba yenyewe inasema ukweli kuhusu miguu yako, na haina haja ya kukuonea huruma.

Sisi je? Nyumba ya kijijini Embu au Meru ina namba moja tu, nayo iko kwenye hatimiliki. Ni matunda ya ule upimaji uliokuja na mpango wa Swynnerton wa 1954. Ngandori/Kirigi hivi, Nyaki/Mulathankari vile, mkwaju, halafu tarakimu. Hakuna mtu aliyewahi kumwelekeza mgeni kwa tarakimu hizo. Utazikuta kwenye Gazeti Rasmi la Kenya hati ikipotea, au mahakamani ndugu wakigombea shamba la marehemu. Barua nazo huenda kwenye sanduku la posta mjini, wala sanduku halijui unalala wapi. Ramani ya simu husaidia mpaka sokoni. Ukiacha lami, mara nyingi inakuachia wewe na ng'ombe.

Basi tunategemea alama, na alama zetu zina matatizo ya kifamilia. Tunaelekeza kwa vitu vilivyokufa. "Palipokuwa na mugumo." "Ilipokuwa posta ya zamani." Mgeni atauonaje mti uliokatwa kabla hajazaliwa? Au tunaelekeza kwa mtu: kwa fulani, na fulani mwenyewe alihamia Nairobi. Pale Embu angalau kuna Izaak Walton, hoteli iliyopewa jina la Mwingereza wa karne ya 17 aliyeandika kitabu cha kuvua samaki. Mtu huyo hajawahi kuuona mto wetu Rupingazi, lakini ameelekeza wageni wengi mjini Embu kuliko chifu yeyote. Kuna pia mtaa wa Dallas, ambao mgeni akiusikia hudhani anataniwa.

Lakini haki itendeke kwa anayeelekeza pia. Waulizaji wengi wa siku hizi hawana adabu hata chembe. Gari linapunguza mwendo, kioo kinashuka nusu, sauti inatoka: "Wee! Kiritiri ni huku?" Hakuna habari ya asubuhi, hakuna mzee, na jibu likishatoka kioo kinapanda. Mtu kama huyo akielekezwa Siakago badala ya Kiritiri mimi sitakuwa shahidi wa upande wa mashtaka. Mkorea hukuita kwanza jeogiyo, kisha husema sillyehamnida, kwamba anakukosea adabu kwa kukusumbua, ndipo aulize. Huku kwetu ilitosha salamu, na ukiwa Meru neno "muuga" hufungua milango mingi. Salamu ina kazi nyingine ambayo wenye haraka hawaioni. Humpa mwenyeji muda wa kukutazama, aone kama una mzigo, kama una mtoto, kama unachechemea, ajue akuelekeze njia ya mkato ya mtoni au ile ndefu ya lami.

Kosa letu kubwa kuliko "hapo tu" nimeliacha mpaka sasa kwa sababu linaniuma. Hatujui kusema hatujui. Huku mgeni akiuliza, kushindwa kujibu kunaonekana ni kumnyima maji. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kufika Kanyuambora atanyoosha mkono kwa uhakika wa mpima ardhi na kusema "shika hii, utauliza mbele." Mbele utamkuta mwingine wa aina yake. Nimewahi kusimama kwenye njia panda na wanaume watatu wenye heshima zao wakinielekeza pande tatu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mwongo, walikuwa wakarimu.

Katika somo lile lile la mpwa wangu kuna jibu la anayeulizwa njia asiyoijua: joesonghamnida, jal moreugesseumnida. Naomba radhi, sifahamu vizuri. Ni sehemu ya somo kama vile kulia na kushoto, nalo hufundishwa kwa lugha ya heshima ya juu. Sisi tuna "pole mgeni, mimi pia si wa hapa," sentensi nzuri kabisa ambayo tunaisema tu polisi wakituuliza.

Kaunti zetu mbili zina kazi. Meru na Embu zimekuwa na serikali zake tangu 2013, na vibao vingi wanavyosimamisha vina picha ya mradi na jina la kiongozi. Kibao cha mahali kinahitaji vitu vitatu: jina la kijiji, mshale, na kilomita. Waanze na zahanati na shule, na wakiweza wakipe kila kijiji barabara yenye mwanzo unaojulikana, nyumba zihesabiwe kutoka hapo. Waheshimiwa wa mabunge ya kaunti wanaopenda safari za mafunzo ng'ambo wanaweza kwenda Seoul kwa hili, na kwa mara ya kwanza sitaandika kulalamika.

Nawe msomaji, ukiulizwa njia wiki hii, taja dakika, tena dakika za miguu ya anayeuliza, si za miguu yako ya miaka ishirini iliyopita. Sema kama kuna bonde katikati. Chagua alama iliyosimama leo. Na kama njia huijui, mwambie mgeni huijui, umpeleke kwa anayeijua.