Kipimo cha Mvua ni Suala la Haki



Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 3 Desemba 2023, Injili iliyosomwa makanisani ilituamuru kukesha. Alfajiri ya siku hiyo hiyo matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu ya mji wa Katesh, mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Tuliwaombea marehemu, tukachanga nguo na unga, nasi tulifanya vema. Hata hivyo, huruma isiyouliza swali huishia makaburini. Swali lenyewe ni hili: ni nani anayekesha kwa ajili ya wale wanaolala chini ya mlima?

Tumezoea kuuliza mvua imenyesha kiasi gani. Twasahau kuuliza imenyesha kwa muda gani. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita ya mraba. Milimita 60 zikinyesha taratibu mchana kutwa na usiku kucha, ardhi huzinywa na mkulima hushukuru. Milimita hizo hizo zikimwagika kwa saa moja, shamba la hekta moja hupokea lita 600,000 kabla udongo haujapata nafasi ya kuzinywa. Kipimo cha kawaida, ambacho husomwa mara moja kwa siku, saa 3 asubuhi, kitaandika 60 kwa siku zote mbili. Daftarini siku hizo ni sawa; vijijini, moja ni baraka na nyingine ni msiba.

Jambo hili lazidi kuwa zito kadiri dunia inavyopata joto, kwa maana kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Jopo la wanasayansi linaloushauri Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2021 kwamba mvua kubwa ya siku moja, ambayo zamani ilitokea nchi kavu mara 1 katika miaka 10, sasa hutokea mara 1.3, na joto likiongezeka kwa nyuzi 2, itatokea mara 1.7. Basi daraja na kalvati zilizojengwa kwa wastani wa mvua za babu zetu haziwezi kuwalinda wajukuu wetu. Nasi twapima kidogo mno: wataalamu walikadiria mwaka 2017 kwamba midomo ya vipimo vyote vya mvua duniani ikiunganishwa haitafikia nusu ya kiwanja cha mpira.

Wako wasemao kwamba mvua ni ya Mungu, nasi hatuna la kufanya. Naam, mvua ni ya Mungu. Lakini maskini anayejenga bondeni kwa sababu viwanja vya juu vimechukuliwa na wenye fedha hakuwekwa pale na Mungu, tumemweka sisi. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19, chaamuru vipimo vya haki. Amri hiyo tumezoea kuwahubiria wauza nafaka. Je, haiwahusu pia wanaopanga miji, wanaotoa zabuni za barabara, na sisi tunaokaa kimya? Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi.

Kwa hiyo nawaomba Halmashauri za Walei na Jumuiya Ndogondogo mambo matatu. Kwanza, kila parokia na kila kigango kiwe na kipima mvua, mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa. Kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, na wakati wa mvua kubwa kila saa, kwa usalama wa msomaji. Daftari litunzwe, na nakala ipelekwe kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Pili, tuafikiane mapema na majirani zetu Waislamu na madhehebu mengine: ni nani atakayepiga kengele, nani atatangaza kwa kipaza sauti cha msikiti, nani atambeba mzee asiyeweza kutembea. Tatu, katika mkutano mkuu wa kijiji tuulize bila woga kila daraja jipya limepimwa kwa mvua ya nguvu gani, na waliomo bondeni wametengewa ardhi gani.

Hili la mwisho lisisahauliwe. Takwimu za mvua zisigeuzwe fimbo ya kuwafukuza wanyonge na kuwaachia wenye nguvu viwanja vyao. Onyo lisiloonyesha mahali pa kukimbilia ni dhihaka.

Mkristo anayesoma kipimo saa 3 asubuhi, akaandika tarakimu ya kweli na kumwonya jirani, ameitii Injili ya kukesha. Tuanze kabla ya masika yajayo.