Nchelenge: Kwa mtoto aliyetoka katika njaa, kiasi cha chakula ni tiba

Mtoto aliyedhoofika kwa njaa anapofikishwa katika kituo cha afya, moyo wa mzazi humtuma amlishe hadi ashibe. Tiba inayokubalika duniani inaelekeza kinyume: aanze na kidogo, tena kwa kipimo. Katika wilaya ya Nchelenge, kwenye ufuo wa Ziwa Mweru kaskazini mwa Zambia, elimu hiyo imekuwa suala la uhai na kifo kwa familia nyingi za wakimbizi na za wenyeji.

Tangu mwishoni mwa mwezi Agosti mwaka 2017, maelfu ya raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walivuka mpaka kukimbia mapigano katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika, ikiwemo uhasama kati ya Watwa na Waluba. Walipokelewa kwanza katika kituo cha muda cha Kenani. Mwezi Januari mwaka 2018 wakaanza kuhamishiwa Mantapala, katika wilaya hiyo hiyo, ambako serikali ya Zambia ilitenga ardhi ili wakimbizi waweze kulima na kuishi jirani na wenyeji.

Mtoto aliyetembea siku kadhaa bila chakula cha uhakika hufika akiwa amechoka. Malaria, ambayo imeifanya Nchelenge kuwa miongoni mwa wilaya zinazolemewa zaidi na ugonjwa huo nchini Zambia, humpunguzia damu na kumwondolea hamu ya kula. Hapo ndipo utapiamlo mkali unapopata nafasi.

Hatari ya kushiba haraka

Mwili uliokosa chakula kwa muda mrefu hujifunza kuishi kwa kubana matumizi. Moyo, ini na figo hufanya kazi kwa kiwango cha chini, na akiba ya madini hupungua. Chakula kingi kikiingia ghafla, sukari ya damu hupanda na mwili huyavuta madini ya fosfati, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli. Upungufu unaobaki katika damu unaweza kuvuruga mapigo ya moyo na hata kuusimamisha. Madaktari waliliona tatizo hilo baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, pale baadhi ya wafungwa waliokuwa wameshindishwa njaa walipofariki dunia baada ya kuanza kulishwa.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, WHO, limeweka utaratibu wa hatua kwa hatua. Mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano ambaye mzingo wa mkono wake wa juu haufiki milimita 115 huhesabiwa kuwa na utapiamlo mkali. Akiwa pia na maradhi mengine makubwa, au akiwa hana hamu ya kula, hulazwa na kuanzishiwa maziwa ya tiba yaitwayo F-75, yenye kilokalori 75 katika kila mililita 100 na protini kidogo.

Mtoto wa kilo sita hupewa takriban mililita 780 kwa siku. Akinyweshwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, kila mlo ni mililita 65 tu, kiasi cha robo ya kikombe. Kwa mama anayemsikia mwanawe akilia, kipimo hicho kinaweza kuonekana kama ubahili. Kwa daktari, hicho ndicho kinachoulinda moyo wa mtoto.

Baada ya siku chache, hali ikitengemaa na hamu ya kula ikirejea, mtoto huhamishiwa polepole kwenye maziwa mazito zaidi au kwenye chakula dawa kilichotengenezwa kwa karanga, maziwa, sukari, mafuta, vitamini na madini. Pakiti moja ya gramu 92 ina kilokalori 500. Mtoto mwenye hamu ya kula na asiye na maradhi makubwa anaweza kutibiwa kwa pakiti hizo akiwa nyumbani, huku akirudi kliniki kupimwa.

Somo kutoka upande wa pili

Kanuni hiyo inafanana na ile wanayofundishwa watu wa hali iliyo kinyume kabisa: waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, huduma ambayo katika miaka ya karibuni imeanza kutolewa pia katika baadhi ya hospitali za Afrika Mashariki. Mgonjwa ambaye sehemu kubwa ya mfuko wake wa chakula imeondolewa huanza na vinywaji, kisha vyakula vilivyopondwa, halafu vyakula laini, na hurudi kwenye mlo wa kawaida baada ya wiki kadhaa. Hutakiwa kutanguliza protini, kutafuna sana na kuacha kula mara tu anaposhiba. Asipozingatia lishe, naye anaweza kupungukiwa na madini ya chuma na vitamini B1 na B12.

Tofauti iko katika uwezo wa kuchagua. Mgonjwa huyo kwa kawaida ana chakula mbele yake na hufunzwa kujizuia. Mama wa Mantapala hufunzwa vipimo, kisha hurudi nyumbani ambako huenda chungu kikawa hakina cha kupima.

Chungu cha nyumbani

Chakula kikuu cha mkoa wa Luapula ni ugali wa muhogo, ambao Wabemba huuita ubwali na Wakongo wa Katanga huuita bukari. Hushibisha, lakini una protini kidogo mno. Tumbo la mtoto wa kilo sita hubeba takriban mililita 180 kwa mlo mmoja, kwa hiyo uji mwepesi wa muhogo hulijaza kabla mwili haujapata unachohitaji. Uji huo huo ukiongezwa karanga zilizotwangwa, mafuta kidogo na unga wa chisense, samaki wadogo wa Mweru wanaofanana na dagaa, huwa chakula chenye nguvu. Majani ya muhogo, yaani kisamvu au sombe, nayo huongeza vitamini.

Tatizo ni kwamba samaki ni chakula na pia ni fedha. Sehemu ya mavuno ya ziwa husafirishwa kuuzwa mbali na ufuo. Aidha, kila mwaka kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari, uvuvi hupigwa marufuku ili samaki wazaliane. Hatua hiyo inahitajika kulinda ziwa ambalo samaki wake aina ya mpumbu walikwisha karibu kutoweka katikati ya karne iliyopita. Hata hivyo, marufuku hiyo huangukia msimu wa mvua, wakati akiba za mashambani zimepungua na malaria imeshamiri.

Kwa wakimbizi, kiasi cha chakula huamuliwa pia na wafadhili. Kipimo kinachotumika kupanga misaada ya dharura ni kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku, lakini Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, limewahi kulazimika kupunguza mgao wa Mantapala kwa kukosa fedha. Hatua ya Marekani ya kusitisha misaada yake ya nje mwezi Januari mwaka 2025 iliongeza wasiwasi huo, kwani nchi hiyo ni miongoni mwa wafadhili wakubwa wa chakula dawa duniani.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika wodi ya lishe, methali hiyo ni maelekezo ya daktari. Lakini mtoto aliyeponywa kwa vipimo vya mililita hurudi katika wodi hiyo hiyo iwapo nyumbani hakuna karanga, samaki wala shamba lililopandwa kwa wakati. Tiba yake inakamilika pale kibaba cha familia nacho kinapojaa.