Mtoto wa kundi b hajafeli, fomula yenu ndiyo iliyofeli

Najua nimepotea, na wale wanaongoja sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata itabidi wavumilie kidogo. Leo nina hasira, na nikiwa na hasira siwezi kuandika kuhusu hifadhidata.

Kisa ni hiki. Miezi michache iliyopita shirika moja (jina nalihifadhi) linalohudumia watoto wenye ulemavu, tangu kuzaliwa hadi miaka mitatu, liliniita niwaundie mfumo wa kutunza rekodi. Kazi nzuri, niliipenda. Mtoto akiingia anapewa alama, akitoka anapewa alama, kompyuta inalinganisha, na wafadhili wanaletewa ukurasa wenye rangi: kijani, njano, nyekundu. Fomula sikuibuni mimi. Nilipewa karatasi iliyonakiliwa kutoka Marekani nikaigeuza kuwa mistari kama arobaini hivi ya msimbo. Majaribio yote yakapita, nikalala usingizi wa pono.

Wiki iliyofuata simu ikalia. Alikuwa mama mmoja anayefanya tiba ya viungo pale, mtu mzima, ameifanya kazi hiyo tangu mimi nikiwa shule ya msingi.

"Kijana wangu, huyu mtoto mbona umempaka nyekundu?"

"Si mimi, mama. Ni fomula."

"Basi iambie fomula yako ije imwone."

Mtoto mwenyewe ana mtindio wa ubongo. Aliingia akiwa na miezi kumi, shingo haijakaza, kumlisha ni saa nzima na nusu ya uji unarudi kifuani. Anatoka akikaribia miaka mitatu. Anaketi kwenye kiti cha mbao cha kuegemea, anashika kijiko ambacho mpini wake umezungushiwa mpira ili unenepe, na akitaka maji anagusa picha ya kikombe. Mamake sasa anaweza kumwachia nyanya yake akaenda sokoni. Kwenye mfumo wangu: b. Nyekundu.

Nikafungua msimbo kutafuta kosa. Sikuliona. Ulikuwa unafanya kile kile nilichoambiwa ufanye, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Nikaanza kusoma. Ngoja niwaeleze karatasi hiyo ilikotoka, maana wengi huku tunadhani imeshuka kutoka mbinguni. Marekani wana sheria ya elimu ya watu wenye ulemavu, IDEA. Huduma za watoto wachanga ziliingizwa kwenye sheria hiyo mwaka 1986, na leo zinajulikana kama Sehemu C. Kwa siku moja tu programu hizo huwa na watoto zaidi ya 400,000. Kwa miaka mingi majimbo yalipeleka Washington idadi ya watoto na aina ya huduma, basi. Mwaka 2002 ofisi ya bajeti ya Ikulu ya huko ilianza kuzipima programu za serikali moja baada ya nyingine, na hii ikapata hukumu ya maneno machache: matokeo hayajathibitishwa. Kwa lugha ya wafadhili, hayo ni maneno ya kunyima watu usingizi.

Mwaka 2003 Idara ya Elimu ikagharimia kituo maalumu cha kutafuta namna ya kupima. Kilikuwa chini ya SRI International na washirika wake, na kazi waliyofanya haikuwa mbaya. Narudia, haikuwa mbaya. Walikataa kumpima mtoto kwa orodha ya vipande vipande (anapanga vijiti vingapi, anataja rangi ngapi) wakauliza mambo matatu: anahusianaje na watu, anapata na kutumia vipi maarifa yake, lugha ikiwemo, na anachukua hatua gani kutimiza mahitaji yake, kama kula, kusogea, kuomba msaada. Mzazi yeyote angeuliza hayo hayo.

Kwa kila swali timu, pamoja na mzazi, inakubaliana alama kutoka 1 hadi 7. Saba maana yake mtoto anafanya yanayotarajiwa kwa umri wake karibu kila mahali. Moja maana yake hajafika hapo, wala hajafikia stadi zile zinazotangulia moja kwa moja. Wakati wa kutoka kuna swali la ziada la ndiyo au la: je, tangu tathmini iliyopita amepata stadi yoyote mpya?

Mpaka hapo sina ugomvi. Ugomvi unaanza pale alama mbili zinapokamuliwa kuwa herufi moja. Herufi a ni mtoto ambaye hakupiga hatua. Herufi b amepiga hatua lakini hajawakaribia wenzake wa rika. Herufi c amewakaribia ila hajawafikia. Herufi d amewafikia. Herufi e alikuwa sambamba nao tangu mwanzo na amebaki hapo. Kisha herufi zote zinakuwa asilimia mbili. Ya kwanza: chukua c na d, gawanya kwa a, b, c na d. Ya pili: chukua d na e, gawanya kwa watoto wote.

Mmeona? Herufi b haimo juu ya mstari hata mara moja. Iko chini tu, pamoja na a, ikivuta asilimia ishuke. Mtoto aliyejifunza kushika kijiko na mtoto ambaye hakujifunza lolote wana uzito ule ule.

Tena angalia hii kama programa. Alama ya 1 hadi 7 inalinganisha mtoto na umri wake, na umri hausimami. Akiingia na 3 akiwa na miezi 12, akatoka na 3 akiwa na miezi 30, hajakaa bure miezi 18! Ili kubaki kwenye 3 amelazimika kujifunza mwezi baada ya mwezi, kwa sababu wenzake walikuwa wakikimbia mbele. Fomula inampa b. Sasa fikiria mtoto mwenye ugonjwa unaozidi kudhoofisha misuli. Kwake kutopoteza alichonacho ni ushindi. Fomula itampa b kama kuna stadi mpya ya kuandika, a kama hakuna.

Twende kwenye hesabu, maana hapa ni blogu ya kompyuta, si ya kulia. Kituo cha kubuni kina watoto 40 waliomaliza: a ni 2, b ni 12, c ni 8, d ni 10, e ni 8. Asilimia ya kwanza ni 18 kwa 32, yaani 56.25. Ya pili ni 18 kwa 40, yaani 45.

Mwaka unaofuata kituo kinapata matokeo yale yale, ila kimefungua mlango kwa watoto sita zaidi wenye ulemavu mkali, na wote sita wanajifunza kitu lakini hawawakaribii wenzao. Asilimia ya kwanza inashuka hadi 47.4, ya pili hadi 39.1. Hakuna mtoto aliyepata hasara. Sita wamepata faida. Ripoti inasema kituo kimeporomoka.

Kituo cha pili ni kijanja. Watoto wake wanane wa e, ambao waliingia na alama 6, safari hii wanapewa 5 mlangoni ("tuna wasiwasi kidogo, tuwe waangalifu"). Wakitoka na 6 wanahesabiwa d. Asilimia ya kwanza inapanda hadi 65. Kalamu tu! Hakuna kiti kilichonunuliwa wala mtaalamu aliyeongezwa. Na nani anatoa alama za kuingia na kutoka? Ni watu wale wale wanaotoa huduma. Sisemi wanadanganya. Nasema mfumo unaompa mtu sababu ya kudanganya, halafu ukamkabidhi kalamu, haujaundwa vizuri. Programa yeyote anajua usimwachie mtumiaji ajisahihishie mtihani wake.

Kuna tundu jingine ambalo wenzetu wa Marekani wanalo, na huku kwetu linakuwa shimo. Anayehesabiwa ni yule aliyekaa kwenye programu angalau miezi sita na kupimwa wakati wa kutoka. Aliyepotea katikati hayumo. Huku anayepotea ni nani? Ni yule ambaye mamake ambeba mgongoni mtoto wa miaka miwili na nusu asiyeweza kushikilia, anapanda matatu mbili, anatozwa nauli ya mzigo kwa sababu ya kiti. Siku moja nauli inakosa, na wiki ijayo pia. Anatoweka kwenye jedwali kimya kimya, na kwa kuwa huenda angekuwa b, asilimia inapendeza kwa kutoweka kwake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kibodi leo.

Baada ya kuona ukurasa wa rangi, meneja wa lile shirika aliniita kwa chai. Akauliza kwa upole kabisa: kwa kuwa tuna data za miaka mitatu, je, mfumo hauwezi kukadiria tangu siku ya usajili ni mtoto gani ataishia b? "Ili tupange rasilimali vizuri." Nikamuuliza, akishajulikana mtafanyaje? Akazungusha kijiko kikombeni. Akasema kuna orodha ya wanaongoja, na mfadhili anataka kijani.

Jamani. Huyo si mtu mbaya. Ana mishahara ya watu kumi na wanne mezani na ripoti ya kupeleka mwezi wa sita. Lakini hicho alichoniomba, ukikivua suti, ni mlango unaomfungia nje mtoto kwa sababu ulemavu wake ni mkali mno kwa programu ya watoto wenye ulemavu. Sikuiandika sehemu hiyo. Malipo ya awamu ya mwisho bado nayasubiri, na sidhani nitayaona.

Najua mtakachoniambia. "Wewe hutaki kupima, pesa zitaliwa." Hapana. Nataka kupima, tena sana. Enzi za kuhesabu vichwa tu ("tumehudumia watoto 300") zilikuwa mbaya kuliko hizi, kwa sababu mtoto angeweza kunyooshwa miguu mara mbili kwa wiki mwaka mzima bila mtu kuuliza kama anaweza kula. Yale maswali matatu ni hatua kubwa. Ninachokataa ni kugeuza kipimo cha kumwelewa mtoto kuwa rungu la kumpigia aliyemhudumia. Hata Marekani rungu limezidi kuwa zito. Tangu Idara ya Elimu ilipotangaza mwaka 2014 utaratibu wa uwajibikaji unaotegemea matokeo, takwimu hizi zimeingia kwenye maamuzi ya kila mwaka kuhusu kama jimbo linatimiza masharti ya sheria au linahitaji kusaidiwa. Na majimbo hayafanani. Kila moja huamua lenyewe kiwango cha ucheleweshaji kinachomfanya mtoto astahili huduma. Lenye mlango mpana linapokea watoto wengi wanaohitaji kusukumwa kidogo tu. Lenye mlango mwembamba linabaki na wale wazito, halafu wote wanawekwa kwenye meza moja ya asilimia.

Njia nyingine zipo, na baadhi ziko jirani. Kilifi walitengeneza kipimo chao cha ukuaji wa watoto, Malawi wakatoa chao mwaka 2010, vyote kwa kutumia vitu ambavyo mtoto wa huku anavijua. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vya GSED vya watoto hadi miezi 36, vilivyojaribiwa kwanza Bangladesh, Pakistan na Pemba. Kinachonivutia mimi ni kwamba alama yao inapanda kadiri mtoto anavyojifunza, kama rula ya urefu, na kulinganisha na umri ni hatua tofauti inayokuja baadaye. Yaani mtoto wetu wa kijiko angeonekana amepanda. (Wenyewe wanasema kimeundwa kupima jamii, si kumtolea mtoto mmoja uamuzi, kwa hiyo msikikimbilie kama tulivyoikimbilia ile karatasi.) Kuna pia njia ya tangu 1968 ya kuweka lengo la mtoto mwenyewe na kulipima kutoka -2 hadi +2. Nayo ina ujanja wake: weka lengo rahisi, utashinda kila siku. Lakini ujanja huo mzazi aliye mezani anaweza kuushika. Ule wa asilimia hawezi, maana hauoni.

Kwenu waandishi wenzangu wa programu. Mkipewa kazi kama hii, hifadhini alama zenyewe za kuingia na kutoka, tarehe, na nani alizitoa. Msihifadhi herufi peke yake, kwa sababu herufi ikishaandikwa huwezi kurudi nyuma. Onyesheni b kwa rangi yake, mbali na a. Onyesheni waliopotea kama safu, si kama pengo. Wekeni mahali pa mzazi kuandika ni nini kimebadilika nyumbani, na maneno hayo yatokee kwenye ukurasa ule ule anaousoma mfadhili. Na mkiombwa kukadiria nani asisajiliwe, ulizeni swali nililouliza mimi kwenye chai, kisha nyamazeni mngoje jibu.

Yule mama wa tiba ya viungo nilimbadilishia rangi kabla sijaondoka. Ilinichukua dakika mbili, mstari mmoja. Nasikia wamerudisha nyekundu.

Jedwali la Excel lenye ile hesabu ya watoto 40 ninalo. Badilisheni namba wenyewe mwone. Anayelitaka aache ujumbe hapo chini, nitamtumia.