Raba ya Kipchoge Haitakubeba Kilomita Mia kwa Wiki

Msee, kabla hujatuma hiyo pesa ya raba, ngoja kwanza tuongee.

Kila mwaka marathoni za Nairobi zikikaribia, kuna homa huingia mtaani. Mtu ameanza kukimbia juzi, anajiandikisha kilomita 42, na kitu cha kwanza anachotafuta ni raba ya mashindano: soli nene kama mkate, pleti ya kaboni ndani, rangi ya kuumiza macho. Anaivaa Jumanne, anaivaa Alhamisi, anaivaa kwa mbio ndefu ya Jumapili. Baada ya wiki sita au saba unamwona anachechemea akishuka matatu. Na homa hii inaenezwa na watu wa kazi yangu, wenye simu na taa ya duara, wanaokimbia mita hamsini mbele ya kamera halafu wanakuambia, "Hii ndio kiatu ya Kipchoge."

Msimamo wangu ni mmoja na sitauzungusha. Kama unajiandaa kwa marathoni na unapiga kilomita 70, 80 au 100 kwa wiki, pesa yako ya kwanza iende kwa raba ya kawaida ya mazoezi, yenye sponji ya kutosha, inayokukaa vizuri mguuni. Ukiweza, nunua jozi mbili. Raba ya mashindano inunuliwe mwisho kabisa. Kama doh haitoshi, usiinunue, na hutakuwa umepoteza kitu.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu haijalipwa na kampuni yoyote. Mkimbiaji wa kawaida hupiga kama hatua 170 kwa dakika. Tuseme unakimbia kilomita moja kwa dakika sita. Kilomita 100 ni dakika 600, na hizo ni hatua 102,000 kwa wiki. Kila mguu unatua mara 51,000. Kila ukitua, ardhi inakurudishia nguvu ya karibu mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Sasa fanya hivyo wiki kumi na sita, juu ya lami ya Nairobi, halafu uniambie kama soli ni jambo la urembo.

Mnasema sponji ni maneno ya wauza viatu? Mwaka 2020 watafiti wa Luxembourg walichapisha majaribio ya wakimbiaji 848 wa kawaida, si mabingwa. Waligawiwa raba zinazofanana kwa nje, nusu zikiwa na soli ngumu na nusu soli laini, bila kuambiwa ni zipi. Wakafuatiliwa miezi sita. Waliovaa soli ngumu walikuwa na hatari ya kuumia iliyozidi ya wenzao kwa karibu nusu. Na cha kushangaza, waliofaidika zaidi na ulaini walikuwa wale wepesi. Kwa hivyo wewe mwembamba unayesema "mimi sina uzito, naweza kuvaa chochote", hiyo hoja imeanguka.

Sasa njoo kwa hii raba ya kaboni. Sisemi ni uongo, inafanya kazi. Vaporfly ya kwanza ilipotoka 2017, maabara ya Colorado ilipima na kukuta inapunguza nguvu anayotumia mkimbiaji kwa asilimia 4 hivi. Lakini soma ilipimwa kwa nani: watu wenye mbio kali, kwa kasi ya kilomita 14 hadi 18 kwa saa. Baadaye watafiti wengine walipima raba ya aina hiyo kwa kasi ya kilomita 10 kwa saa, yaani dakika sita kwa kilomita, ile kasi ya wengi wetu siku za kawaida. Faida ilishuka hadi kama asilimia moja tu, na kuna waliokimbia humo wakatumia nguvu zaidi badala ya kuokoa. Hiyo asilimia moja unataka kuilipia mara mbili ya bei, kwa mbio ya Jumanne asubuhi ambayo hakuna anayekupigia saa?

Na mwili unalipa pia. Ile pleti inafanya soli iwe ngumu kukunjika, na sponji yake ni ndefu na inayumba. Mguu unatua kwa namna usiyoizoea, na mzigo unahamia kwa mifupa na mishipa ambayo haikuwa imejiandaa. Mwaka 2023 madaktari wa michezo walichapisha ripoti ya wakimbiaji watano waliopata majeraha ya mfupa wa katikati ya wayo baada ya kutumia raba hizi. Watano ni wachache, na hawathibitishi kwamba kila anayezivaa atavunjika. Ushauri wa madaktari hao ndio wa kubeba: ukihamia raba hizi, hamia polepole. Sasa mtu anayezifanya raba zake za kwanza na za pekee amehamia polepole wapi?

Najua mtakachosema. "Lakini Kipchoge..."

Sawa, tumuongelee Kipchoge. Vienna, Oktoba 2019, saa 1:59:40, miguuni alikuwa na mfano wa awali wa Alphafly. Wote tuliona, wengine tulilia. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Ile siku ya Vienna iliundwa Kaptagat, kwenye barabara za udongo, zaidi ya kilomita 200 kwa wiki, miaka na miaka, kilomita nyingi zikiwa za taratibu kabisa, zile ambazo hata wewe ungejaribu kumfuata kwa dakika chache. Siku za namna hiyo mabingwa huvaa raba za mazoezi. Ukipanda Iten alfajiri utazame makundi yakipita kwenye vumbi, utaona raba za kawaida, nyingine zimechakaa kuliko zako. Wewe umenakili siku moja ya mtu, ukaacha miaka yake kumi na tano.

Hata wenye kutengeneza hawafichi. Adidas walipotoa Adizero Adios Pro Evo 1 mwaka 2023, ile Tigist Assefa aliyovaa Berlin akakimbia 2:11:53, waliiuza dola 500 na wakasema wazi ni ya marathoni moja, pamoja na muda mfupi wa kuizoea. Hiyo ni zaidi ya shilingi 60,000 kwa asubuhi moja. Kwa Assefa ni kifaa cha kazi, na kazi hiyo inamlipa. Wewe unalipwa na nani?

Kuna kundi la pili nalo lazima tuligonge, kwa sababu linajifanya ndilo lenye hekima. Hawa ni wale wa "wazee wetu walikimbia pekupeku". Wanapenda kumtaja Abebe Bikila, Mwethiopia aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu, saa 2:15:16. Stori tamu, lakini huwa wanaikatiza katikati. Bikila alikimbia pekupeku kwa sababu viatu alivyopata havikumkaa vizuri. Miaka minne baadaye, Tokyo, alivaa viatu, akashinda tena kwa 2:12:11, dakika tatu haraka zaidi, wiki chache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Kama kuna funzo kwa Bikila, ni kwamba kiatu kisichokukaa ni heri ukivue, na ukipata kinachokukaa ukivae.

Na ndio, kuna watoto wa Bonde la Ufa waliokua wakikimbia shuleni bila viatu. Walianza wakiwa wadogo, kwenye udongo, mwili ukakua na ile kazi. Wewe umekaa darasani au kwa dawati miaka kumi na nane, halafu unataka kushuka Thika Road na soli ya milimita tano kwa sababu ya fahari ya mababu. Manze, mababu hawakukutuma.

Kuna pia hoja ya uzito: raba yenye sponji nene ni nzito, itanichelewesha. Ni kweli kwamba gramu 100 za ziada kwa kila kiatu huongeza nguvu unayotumia kwa karibu asilimia moja. Raba ya mazoezi huizidi ya mashindano kwa gramu 60 au 80 hivi, kwa hivyo tunaongea chini ya asilimia moja, siku za mazoezi, ambapo kuchelewa kidogo si hasara. Siku za taratibu tunakimbia ili kesho tuweze kukimbia tena.

Sasa pesa, maana hapo ndipo tunaumizwa. Tuchukue bei za mfano. Raba ya mazoezi ni shilingi 15,000 na inakupeleka kilomita 600. Hiyo ni shilingi 25 kwa kilomita. Raba ya mashindano ni 30,000, na sponji yake imechoka ukifika kama kilomita 300. Hiyo ni shilingi 100 kwa kilomita. Ratiba ya wiki 16 ya kilomita 70 kwa wiki ni kilomita 1,120. Kwa raba ya mazoezi unahitaji jozi mbili, 30,000. Kwa raba ya mashindano unahitaji karibu jozi nne, 120,000. Badilisha bei uweke za duka lako, lakini mwelekeo wa hesabu hautageuka. Kuna wasee hapa wanakopa kwa simu ili wanunue raba ya mashindano. Kukopa kwa riba ili upate ufa wa mfupa, hiyo ni noma.

Na hizo jozi mbili si anasa. Watafiti walewale wa Luxembourg, mwaka 2015, walifuatilia wakimbiaji 264 kwa wiki 22. Waliokuwa wakibadilisha viatu zaidi ya jozi moja walikuwa na hatari ya kuumia iliyopungua kwa asilimia 39. Huhitaji kununua zote siku moja. Nunua ya kwanza, ikifika kilomita 250 hivi, ongeza ya pili, zipishane.

Unachagua vipi? Usianze na jina. Kuna Nimbus ya Asics, Ghost ya Brooks, Clifton ya Hoka, 1080 ya New Balance, Pegasus ya Nike. Zote ni za kazi hiyo na hakuna iliyo bora kwa kila mguu. Nenda dukani jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi zako za kukimbilia. Mbele ya kidole kirefu acha nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi kabla ya mwezi kuisha. Kisigino kisipandepande ukitembea. Kimbia kidogo hapo nje. Kama kuna mahali panabana, usidanganywe ati "itafunguka". Soli iwe pana chini, usihisi unayumba, na iwe na mpira wa kutosha kwa murram. Kama umezoea kisigino kilichoinuka, usiruke ghafla kwenda kwa raba bapa, maana mshipa wa kisigino utakulilia.

Ukiambiwa wayo wako una umbo fulani kwa hivyo lazima ununue raba fulani ya bei kali, uliza swali moja: jeshi la Marekani lilipata nini? Walijaribu kwa maelfu ya makuruta, wakigawa viatu kulingana na umbo la wayo. Majeraha hayakupungua. Jinsi raba inavyokukaa inakuambia mengi kuliko mashine ya dukani.

Na kama mfuko unakupeleka Gikomba au Toi, nenda bila aibu, lakini fungua macho. Bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole gumba: kama ni ngumu kama ubao au imejaa mikunjo, imekwisha, hata kama juu inang'aa. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Ikilala upande mmoja, mwenyewe wa kwanza aliimaliza. Na raba ya mashindano ya mtumba usiguse kabisa. Hujui imekimbia kilomita ngapi, na uhai wake ulikuwa mfupi tangu mwanzo.

Jambo la mwisho, ili mtu asinielewe vibaya: sponji haitakulinda ukiruka kutoka kilomita 30 hadi 80 kwa wiki mbili. Hakuna raba ya kukutetea hapo. Ongeza polepole, lala, kula.

Kwa hivyo wiki hii, kabla hujafungua ukurasa wa duka lolote, andika namba tatu: kilomita zako za wiki, wiki zilizobaki kabla ya mbio, na pesa uliyo nayo bila kukopa. Zidisha mbili za kwanza, gawanya kwa 600. Jibu ndilo idadi ya jozi za mazoezi unazohitaji. Zikishanunuliwa na bado kuna chenji, basi nenda kajinunulie hiyo yenye rangi ya kuumiza macho, na uiweke ndani ya sanduku mpaka wiki za mwisho. Ukiona mtu wa kontenti, mimi nikiwemo, anakuuzia kinyume chake, muulize anakimbia kilomita ngapi kwa wiki.