MAARIFA YA NYUMBANI: Rejeta Iliyovuja

Mwezi huu nataka kuwaeleza habari ya rejeta ya motokaa, kwa kuwa motokaa kuukuu zitokazo Japani zimekuwa nyingi katika nyumba za Temeke na Kinondoni, na ujira wa fundi ni mzigo kwa mwalimu. Kubadili rejeta ni kazi ambayo mtu mwenye spana chache na subira aweza kuifanya uani kwake. Lakini mwenye spana asiye na subira ataumia, nami ni shahidi wa jambo hilo.

Motokaa yetu ilianza kuchemsha katika Barabara ya Kilwa, hasa jioni katika foleni ya kwenda Mbagala. Nilitazama, nikaona doa jeupe juu ya rejeta, penye ufa mwembamba kama unywele. Nikasema moyoni, "Ni kidogo." Kila asubuhi nikajaza maji ya kisima nikaenda zangu. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na neno hilo nimelifundisha watoto darasani mara nyingi.

Jioni moja nilifika nyumbani injini ikiwa moto sana. Nikashika kitambaa, nikafungua kifuniko. Maji na mvuke viliruka juu, vikaniunguza mkono mpaka kiwiko. Mwanangu alikuwa amekuja kunishikia taa, akasimama hatua moja tu nyuma yangu. Kama angalisimama mbele, yangalimpata usoni. Usiku ule sikulala, wala si kwa maumivu ya mkono tu.

Sababu yake ni hii. Maji katika sufuria huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Kifuniko cha rejeta huyabana maji, hata yasichemke mpaka karibu nyuzi 120. Ukikifungua ghafula, maji hayabanwi tena, na sehemu yake hugeuka mvuke mara moja. Basi sharti la kwanza: ngoja injini ipoe saa nzima au zaidi, kisha ushike mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa na moto au mgumu, ngoja tena.

Na yale maji ya kisima? Visima vingi vya pwani yetu vina chumvi, na chumvi hula madini. Zamani rejeta zilikuwa za shaba, na fundi aliweza kuzilehemu. Za siku hizi nyingi ni za alumini, na vichwa vyake ni vya plastiki, ambayo hupasuka ikizeeka. Gundi haidumu hapo. Dawa yake ni rejeta nyingine. Uendapo Kariakoo kuinunua, chukua ile ya zamani uzilinganishe: urefu, midomo ya mipira, na mahali pa bolti.

Sasa kazi yenyewe. Injini ikiwa baridi, ondoa waya wa hasi wa betri, maana feni ya umeme yaweza kuzunguka yenyewe na kukata vidole. Tega beseni chini, fungua kizibo cha chini, maji yatoke. Legeza vibanio, uvue mpira wa juu na wa chini. Kama motokaa ina gia za otomatiki, huenda ukaona mipira miwili myembamba ya oili ya giaboksi iingiayo katika rejeta. Ukiivua, izibe upesi vumbi lisiingie, na mwisho wa kazi upime oili na kuongeza ya namna ile ile. Kisha fungua feni na bolti za rejeta, uiinue wima. Mpya huingia kwa kufuata njia hiyo kinyume. Mpira uliopasuka usiurudishe, na kifuniko kipya kiwe na namba ile ile ya cha zamani.

Jaza maji ya rejeta yenye dawa, yauzwayo tayari. Pwani yetu haina baridi ya barafu, lakini dawa ile huzuia kutu pia. Usiyamimine yote kwa mara moja. Acha kifuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, iwashe, nawe usimame mbali kidogo. Mapovu yatatoka na maji yatashuka, uongeze taratibu mpaka yatulie, ndipo ufunge. Mimi nilifunga upesi, hewa ikabaki ndani, na mshale wa joto ukapanda. Nilizima, nikangoja mpaka jua likatua, nikaanza tena.

Akina mama na akina baba, sikieni neno hili zaidi ya yote. Maji yale ya rangi ya kijani au nyekundu yana ladha tamu, nayo ni sumu. Mtoto au mbwa akiyanywa kidogo tu, figo zaweza kufa. Yatie katika galoni lenye kifuniko, kamwe si katika chupa ya soda, wala usiyamwage karibu na kisima. Mtoto akiyaonja, mpelekeni hospitali saa ile ile, hata kama anacheza.

Tena, si kila motokaa ichemshayo ina ubovu wa rejeta. Ukiona oili imekuwa nyeupe kama maziwa, au moshi mweupe usiokoma, huenda gasketi imeungua. Hapo weka spana chini, ukamwite fundi wa kweli. Kujua mpaka wa kazi yako si aibu.

Rejeta yetu sasa haivuji. Alama ya mkononi imebaki, nami siifichi mbele ya watoto. Juma lililopita nilitaka kutazama maji kabla ya safari ya Chanika, nikanyosha mkono kwenye kifuniko. Mwanangu alinitangulia, akaushika kwanza mpira wa juu kwa ncha za vidole, akakaa kimya kidogo, akasema, "Baba, bado una moto." Basi tukaketi kivulini sote wawili, tukangoja.